Polisi wa ugenini wameniita "kwa hiari": niende nikajieleze?

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Morogoro. Nasoma shahada ya uzamili katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, na viza yangu ni ya mwanafunzi. Nafanya kazi saa 20 kwa wiki kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kinachobaki namtumia mama. Sijawahi hata kupanda basi bila tiketi.

Mwezi wa pili, jamaa mmoja tunayecheza naye mpira kila Jumapili, Mswahili mwenzetu, aliniambia akaunti yake ya benki imefungwa na kuna mtu anataka kumlipa hela ya gari. Akaomba nimwazime akaunti yangu. Nikamwazima. Zikaingia pauni 3,400. Nilitoa 3,250 taslimu kwa siku tatu nikamkabidhi mkononi. Zilizobaki akasema, "hiyo ya soda." Sikuona ajabu, kwetu ukimsaidia mtu hukuachia kitu. Nilikuwa na wasiwasi kidogo, lakini nikajiambia huyu namjua, tunakula naye sahani moja.

Wiki sita baadaye kadi yangu ikakataa dukani. Niliacha mchele na mafuta pale kaunta, watu wananitazama. Benki kila nikipiga wanasema hawawezi kunieleza sababu, kisha ikaja barua kwamba akaunti imefungwa moja kwa moja. Yule jamaa simu yake haipatikani. Juzi nikapata barua pepe ya askari mpelelezi: nifike kituoni Alhamisi ya wiki ijayo kwa mahojiano ya hiari, chini ya onyo, kuhusu utakatishaji wa fedha. Nikalitafuta neno hilo kwenye simu nikakuta kifungo cha miaka 14. Tangu hapo sijalala.

Mama, kila mtu ana ushauri wake. Ninayekaa naye nyumba moja anasema nifute meseji zote. Mjomba aliyenilipia ada anataka nikate tiketi nirudi kabla ya Alhamisi. Kaka mmoja wa jumuiya yetu hapa anasema niende peke yangu, nivae vizuri, nijieleze, maana ukienda na wakili wanajua una hatia. Tena anasema wakili wa bure ni fedha za umma na viza yangu inazikataza. Yupo pia anayemjua "mtu wa uhamiaji" atakayelimaliza jambo kwa pauni 600. Ubalozini naogopa kwenda, habari zisije zikafika Morogoro kabla yangu.

Kiingereza nakijua, nakisomea. Lakini nikiingiwa na hofu maneno yote hukimbia, nabaki na Kiswahili changu.

Je, mimi mgeni nina haki yoyote hapa? Au niende tu nikajieleze yaishe?

Asiyelala, Uingereza

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza nikwambie nilichoifanyia barua yako. Nimebadili kiasi cha fedha, mwezi, mji wa kwenu na mambo mengine mawili matatu, na wewe mwenyewe hukunipa jina la mtu, ukafanya vyema. Sababu ni kwamba barua uliyoniandikia haina kinga. Unachomwambia wakili wako ni siri yenu kisheria, hakuna askari wa kumlazimisha aitoe. Unachomwandikia mama wa safuni, au mjomba kwenye WhatsApp, au kaka wa jumuiya, hakina ulinzi huo hata kidogo. Tangu leo hadithi hii isimulie kwa mtu mmoja tu, na nitakueleza ni nani.

Mimi si wakili. Nilikaa miaka mingi kwenye kiti cha mkalimani, vituo vya polisi na mahakamani, huko huko uliko, nikiwatafsiria watu wa Mombasa, wa Kigoma, wa Bukavu, wa Barawa. Kwa hiyo nitakupa nilichokiona kwenye kiti kile, pamoja na sheria ambazo kila mkalimani huzisikia zikisomwa mpaka azijue kwa moyo.

Neno lililonitisha kwenye barua yako si "utakatishaji". Ni "nijieleze yaishe".

Sisi tumelelewa hivyo. Mkubwa akikuita unakwenda, unakaa mkao wa adabu, unaeleza mwanzo mpaka mwisho, na ukinyamaza unaambiwa una kiburi. Ukimaliza, mkubwa anakuonya, mnakula, yanaisha. Nimewaona vijana wengi wakiingia kwenye chumba cha mahojiano na adabu hiyo, wakimweleza askari zaidi ya alichouliza ili awaone ni watu wa heshima. Askari wa Kiingereza naye mara nyingi ni mpole, atakuletea chai, atakuuliza kama umelala vizuri. Lakini lile si baraza la wazee. Kila neno linarekodiwa, na kazi ya yule askari ni kukusanya ushahidi kwa ajili ya waendesha mashtaka, utakaokusaidia na utakaokuangusha. Hana mamlaka ya kusema "yameisha" kwa sababu umemridhisha.

Sasa swali lako: una haki, wewe mgeni? Unazo, na hazitegemei rangi ya pasipoti. Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, ambayo wenyewe huiita PACE, ndiyo inayoongoza mambo haya England na Wales, na inamzungumzia mtu, haimzungumzii raia. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ulioingizwa kwenye sheria zao mwaka 1998, unasema mtu aambiwe kosa analodaiwa kwa lugha anayoielewa na apewe mkalimani bila malipo. Mzaliwa wa London na wewe wa Morogoro, kwenye meza ile mko sawa. Tofauti yenu inakuja baadaye, kwenye viza, na hapo nitarudi.

Haki kubwa kuliko zote ni wakili. Yeyote anayehojiwa na polisi chini ya onyo, awe amekamatwa au amekwenda kwa hiari kama wewe, anapata wakili bure. Hawaulizi mshahara wako wala akiba yako. Unaweza kumchukua wakili wa zamu, ambaye polisi humwita kupitia kituo maalumu cha simu, na huyo si mfanyakazi wa polisi, ni wakili wa kujitegemea kama wengine. Unaweza pia kutafuta mwenyewe leo ofisi ya mawakili wa jinai yenye mkataba wa msaada wa kisheria wa serikali, nao wakaja siku hiyo bila kukudai senti. Nakushauri hili la pili. Una siku kadhaa mkononi, na wakili aliyekusikiliza Jumatatu si sawa na aliyekutana nawe ukumbini dakika 20 kabla.

Na yule kaka wa jumuiya mwambie, kwa heshima zote, amekosea. Maneno "fedha za umma" yaliyo kwenye viza yako yana orodha yake katika kanuni za uhamiaji: ruzuku za nyumba, posho za wasio na kazi, na mafao mengine ya namna hiyo. Msaada wa kisheria haumo. Nimeona watu wakikataa wakili kwa hofu hiyo, wakahojiwa peke yao saa mbili nzima, na hofu yenyewe ilikuwa uvumi wa msikitini na kanisani. Ama kuhusu kuonekana una hatia kwa sababu una wakili, wapelelezi wenyewe wakiitwa kuhojiwa huja na mawakili.

Wakili atafanya jambo ambalo wewe huwezi. Kabla ya mahojiano atazungumza na mpelelezi na kuuliza wana nini mkononi. Hawalazimiki kumwonyesha kila kitu, lakini lazima apewe maelezo ya kutosha kuelewa tuhuma ni ipi na kwa nini wewe. Bila yeye utaingia gizani ukijibu maswali ambayo hujui yanaelekea wapi.

Tuje kwenye hiyo "hiari". Ni hiari kweli, kwa maana kwamba hujakamatwa, na kisheria unaweza kusimama ukaondoka wakati wowote. Lakini usipofika kabisa, bila taarifa, unawapa sababu ya kuja kukugongea mlango alfajiri. Kama Alhamisi wakili wako hana nafasi, yeye ndiye aandike kuomba siku nyingine, si wewe. Na wakiamua kukukamata ukiwa pale pale, saa inaanza kuhesabiwa: wana saa 24 za kukushikilia bila kukushtaki, ambazo afisa wa ngazi ya juu anaweza kuziongeza hadi 36 kwa makosa mazito, na zaidi ya hapo ni hakimu tu, mwisho saa 96. Muda huo wote una haki ya mtu mmoja kuarifiwa uliko, kulala saa 8 mfululizo, kula, na kumwona daktari ukiumwa. Hapigwi mtu pale. Nakwambia hivi kwa sababu najua usingizi wako umeondolewa na picha za vituo vingine, vya kwetu.

Halafu "onyo". Neno hili ni mtego kwetu sisi. Nyumbani tunajua maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mtuhumiwa baada ya kuonywa. Na huko maana ya kwanza ni hiyo hiyo: kabla ya kukuhoji askari atakusomea maneno kwamba hulazimiki kusema lolote, lakini utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja unapoulizwa jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, na lolote utakalosema laweza kutolewa kuwa ushahidi. Sentensi ile ya katikati ilikuja na sheria ya mwaka 1994, na ndiyo inayowachanganya watu. Inamaanisha una haki ya kukaa kimya, ila mahakama inaweza kujiuliza kwa nini hukusema mapema. Kimya peke yake hakimtii mtu hatiani. Ungekuwa Glasgow sentensi hiyo usingeisikia, Scotland wana sheria yao. Kwa hiyo kuna njia tatu: kujibu, kutojibu kabisa kwa yale maneno mawili ya Kiingereza uliyoyasikia kwenye filamu, "no comment", au kutoa maelezo mafupi yaliyoandikwa na wakili, yakasomwa, kisha ukanyamaza. Ipi ikufae wewe, mimi siwezi kusema, na yeyote anayekwambia bila kujua polisi wana nini anabahatisha na maisha yako.

Maana ya pili ya onyo ndiyo hatari zaidi. Pengine mwishoni watakwambia, "Kubali onyo tu, hutakwenda mahakamani." Kwa Kiswahili inasikika kama kukaripiwa na mwalimu mkuu ukarudi darasani. Sivyo. Onyo hilo ni kukiri kosa, linaandikwa kwenye kumbukumbu zako, linaonekana ukiomba kazi kama hiyo ya kutunza wazee, na utaulizwa habari zake kwenye fomu za viza. Usilitie saini bila wakili kulisoma, hata kama umechoka na unataka kwenda kulala.

Sasa lugha, na hapa nivumilie, maana ndipo nilipoishi.

Omba mkalimani. Usione haya kwa sababu unasoma uzamili. Kiingereza cha maktaba na Kiingereza cha mtu anayetetemeka ni lugha mbili, na wewe mwenyewe umelisema hilo vizuri kuliko mimi. Mkalimani ni bure, na unaweza kumpata hata katika mazungumzo yako na wakili. Wakili aombe mapema, na aseme ni Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Goma na kijana wa Tanga huelewana, lakini si kila wakati.

Tazama ulichoniandikia: "nikamwazima akaunti." Kwetu kuazima ni kutoa na ni kuchukua pia, tunaelewana kwa muktadha. Mkalimani aliyechoka anaweza kulipeleka upande usio wake, ikawa wewe ndiye uliyechukua akaunti ya mtu. Umeandika "Mswahili mwenzetu", na najua ukihojiwa utamwita "ndugu yangu". Nilikaa na kijana mmoja aliyemwita mwenzake "ndugu" tangu dakika ya kwanza, mpaka askari akauliza mama yao anaishi wapi. Tulicheka baadaye. Wakati ule haikuchekesha, kwa sababu tayari walikuwa wanatafuta familia ya wahalifu. Na kama kwenye meseji zenu kuna mahali jamaa aliandika "mzigo umeingia", wewe na mimi tunajua ni hela. Anayetafsiri ofisini, mbali na vijiwe vyetu, atauona mzigo, na mzigo kwao una harufu ya dawa za kulevya. Mweleze wakili maneno ya aina hiyo kabla hayajatafsiriwa na mtu mwingine.

Lakini lililo zito ni "nilikuwa na wasiwasi kidogo". Kosa unalotuhumiwa liko kwenye Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 2002, na ile miaka 14 uliyoisoma ni kilele cha adhabu, hukumu nyingi haziko kule. Msingi wake ni kama ulijua, au ulishuku, kwamba fedha zile zimetokana na uhalifu. Kushuku hakuhitaji mengi: Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2006 kwamba inatosha mtu kufikiri upo uwezekano wa kweli, si wa kuota tu. Sasa wasiwasi wako ulikuwa wa nini? Kwamba hela ni ya wizi? Au kwamba benki itakutoza ada, au jamaa atasema hukumpa zote? Kwa Kiswahili vyote hivyo ni wasiwasi. Kwa Kiingereza kimoja ni kosa na kingine ni hofu ya kawaida ya mtu mwenye akaunti ndogo. Sikufundishi kusema uongo. Kama ulishuku, mwambie wakili ulishuku, naye atajua la kufanya na ukweli huo. Nakuomba tu ujue mwenyewe wasiwasi wako ulikuwa upi kabla mtu mwingine hajakuchagulia neno. Na zile pauni 150 za soda, mwanangu, kwa mazoea yetu ni shukrani, lakini mezani pale zitasomwa kama ujira. Jiandae kuulizwa.

Meseji usifute hata moja. Kufuta ushahidi ukijua unapelelezwa ni kosa jingine, la kupotosha mkondo wa haki, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, kubwa kuliko hilo unaloliogopa. Tena utakuwa umefuta nini? Ile meseji ambayo jamaa anasema akaunti yake imefungwa na analipwa hela ya gari ndiyo inayoonyesha alivyokudanganya. Piga picha kila kitu, mpe wakili. Wakikudai namba ya siri ya simu usikatae wala usikubali papo hapo, mwambie wakili kwanza, maana kuna amri ya kisheria ambayo kuikaidi ni kosa.

Mjomba namwelewa. Amelipa ada, anaona mtoto wake anazama, anavuta kamba iliyo karibu. Huna zuio la kusafiri kwa sasa, hilo ni kweli. Lakini ukiondoka leo, chuo kitalazimika kutoa taarifa uhamiaji kwamba umeacha masomo, shahada imekwenda, na upelelezi haufi kwa sababu umepanda ndege. Siku utakayotaka kurudi, iwe kwa kazi au harusi ya rafiki, jina lako litakungoja uwanjani. Mwambie pia wasifikirie kumtumia mtu "kitu kidogo" ili faili lilale. Kule hilo si kulainisha, ni kesi ya pili.

Kuhusu ubalozi, hofu yako haina msingi, ingawa naijua inakotoka. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ambao Tanzania na Uingereza zote zimo, unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake, na akiomba, ubalozi uarifiwe. Akiomba. Zipo nchi zenye makubaliano maalumu na Uingereza ambapo ubalozi huarifiwa hata bila kuombwa, lakini kanuni ya jumla ni hiari yako. Na aliyeomba hifadhi kwa kukimbia serikali yake mwenyewe, polisi hawapaswi kuupigia ubalozi wake isipokuwa ametamka mwenyewe kwamba anataka.

Watu huidharau haki hii wakidhani ni ya wakubwa. Mwaka 1982 ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona kwa jaribio la ujambazi wa benki lililoua mtu. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kuuita ubalozi wao. Ubalozi wa Ujerumani ulipata habari mwaka 1992, hukumu ya kifo imeshatoka siku nyingi, na wote wawili waliuawa mwaka 1999. Ujerumani iliishtaki Marekani kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na mwaka 2001 mahakama ikasema haki ile ni ya mtu mwenyewe, si ya nchi yake tu. Kwa wale ndugu haikusaidia kitu.

Ubalozi wetu pale Stratford Place, London, hauwezi kukutoa mahabusu, hauwezi kuwa wakili wako, na haulipi gharama zako. Unaweza kukutembelea ukishikiliwa, kukupa majina ya mawakili, kufikisha ujumbe nyumbani pale tu utakapotaka. Kwa hatua uliyopo, hujakamatwa, humhitaji balozi. Unamhitaji wakili. Ukikamatwa, omba vyote viwili.

Sasa viza, pale unapoachana na yule mzaliwa wa London. Kuhojiwa si hatia, na kuhojiwa peke yake hakufuti viza. Lakini sheria ya mwaka 2007 inamweka mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi kwenye njia ya kufukuzwa nchini karibu moja kwa moja, na hata hukumu ndogo huhesabiwa ukiomba viza nyingine. Kwa hiyo mwambie wakili wa jinai tangu dakika ya kwanza kwamba una viza ya mwanafunzi na inaisha lini. Wakili anayedhani wewe ni raia anaweza kukushauri ukiri kosa dogo umalize haraka, ushauri ambao ni mzuri kwa raia na sumu kwako. Na siku ukijaza fomu ya viza ukaulizwa kama una kesi au umewahi kupewa onyo, jibu ukweli. Udanganyifu kwenye fomu unaweza kukufungia mlango hadi miaka 10, muda mrefu kuliko adhabu za makosa mengi yenyewe.

Yule wa pauni 600 ni kishoka. Kule mtu hawezi kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo bila kusajiliwa, na hakuna aliyesajiliwa anayeahidi kulimaliza jambo la polisi. Hizo 600 nunua mchele na mafuta uliyoyaacha kaunta.

Benki hawakukunyamazia kwa dharau. Sheria ile ile ya 2002 inawakataza kukueleza wakishatoa taarifa ya mashaka juu ya fedha kwa mamlaka, na mfanyakazi anayefungua mdomo anaweza kushtakiwa. Huenda pia wameweka alama dhidi ya jina lako kwenye daftari la Cifas, shirika ambalo benki hupashana kupitia kwake habari za udanganyifu; alama hiyo hukaa miaka 6 na kuzifanya benki nyingine zikukatae. Inaweza kupingwa, kwanza kwa benki yenyewe kisha kwa msuluhishi wa huduma za fedha. Ila usiandike barua ya malalamiko sasa hivi, wala barua ndefu ya kujitetea chuoni wakikuita. Karatasi hizo zinaweza kuombwa na polisi, na utakuwa umejihoji mwenyewe bila wakili. Kila barua ipitie kwake.

Kwa wanaonisoma mkiwa Muscat, Doha au Riyadh: msinakili haya kama yalivyo. Huko mtu anaweza kuzuiwa kusafiri upelelezi ukiendelea, na mwajiri ana nguvu ambayo mwajiri wa Uingereza hana. Mawili tu yachukueni. Ubalozi kwenu ni mlango wa kwanza, si wa pili. Na karatasi ya Kiarabu usiyoweza kuisoma usiitie saini wala kidole mpaka isomwe kwa lugha yako.

Baada ya Alhamisi, uwezekano mkubwa ni kwamba utarudi nyumbani kwako bila jibu. Wanaweza kukaa miezi kabla ya kukwambia kama kesi inakwenda mahakamani au imefungwa, na wakikukamata wanaweza kukuachia kwa dhamana ya polisi, kwa kawaida miezi 3 ya kwanza, pengine na masharti kama kusalimisha pasipoti. Kipindi hicho cha kungoja ndicho kinachowavunja watu kuliko mahojiano. Endelea na masomo, endelea na kazi, Jumapili cheza mpira.

Mama yako mwambie mwenyewe, kwa sauti yako, kabla mjomba hajamwambia kwa yake. Humpi maelezo ya kesi. Mwambie umeitwa, una wakili, unakula.

Na mimi usiniandikie walichokuuliza. Kesi ikifungwa, niletee mstari mmoja tu, bila jina, useme umelala.